Shanga Haikatwi kwa Aliye Hai

Mkasi wa kukatia shanga haukuhitaji kunolewa. Uzi wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele wa mtoto. Hata kisu cha kumenyea viazi kingeukata. Lakini asubuhi ile Sikuzani aliketi kwenye ngazi ya nyuma ya Kituo, jiwe mkononi, akaunoa polepole, upande huu, upande ule, huku ukungu wa Uluguru ukiteremka na kufunika mapaa ya vioo vya jua huko Morogoro mjini.

"We mtani," nesi Kabula alimwita kutoka mlangoni, ndoo ya maji ya sabuni mkononi. "Unanoa kama mwenye mbuzi wa Idi. Nani kakwambia leo tunachinja?"

"Pita zako, Mnyamwezi. Nyie mlibeba mizigo ya watu mpaka mkasahau kunoa visu vyenu."

"Tulibeba mizigo, nyie mkabaki mmekalia ndizi zenu." Kabula akacheka, kisha akaitua ndoo chini na sauti ikashuka. "Kumbe umesikia."

"Nimesikia."

"Yusta. Binti wa Daktari Leonia mwenyewe. Wanasema shanga ilianza kufifia juzi, na jana ikawa majivu kabisa. Na zamu ya kusoma ni yako. Ningekuwa wewe ningejisingizia malaria."

"Kwa nini nijisingizie?" Sikuzani aliuinua mkasi, akautazama ubapa wake kwenye mwanga. "Sheria ni sheria. Aliitunga mwenyewe."

Kabula alimtazama kidogo, kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinachoungua asijue ni jiko la nani. Halafu akabeba ndoo yake akaenda.

Kila mtu alijua habari ya shanga. Tangu enzi za mabibi, mtoto mchanga alifungwa ushanga kiunoni. Ukimbana, mama hufurahi: mtoto anakua, ongeza uzi. Ukilegea, mama hukosa usingizi. Daktari Leonia Mkude, wakati huo bado kijana mwenye macho makali, ndiye aliyechukua hekima hiyo ya jikoni na kuitia akili. Alitengeneza shanga moja ndogo kuliko punje ya mtama, inayosikia moyo, damu, mifupa na usingizi. Aliwafungia wenye anoreksia, ule ugonjwa wa kujinyima chakula ambao siku hizo ulikuwa umeingia kila mtaa, wasichana kwa wavulana. Shanga ilipeleka habari zake kwenye mashine kuu ya Kituo, na watu, kwa kuwa mashine ilizungumza kwa sauti ya kikongwe na kuwaita wote wajukuu, wakaipa jina la Bibi.

Bibi hakuangalia kesho. Bibi aliangalia miaka. Shanga ikiwa ya kijani, huyu atapona. Ikiwa ya manjano, atapona akipiganiwa. Ikigeuka rangi ya majivu, huyu hatarudi tena. Na vitanda vilikuwa vichache, na foleni ndefu, kwa hiyo sheria ikatoka: mwenye majivu asishike kitanda. Akatwe shanga, atolewe dripu, arudishwe kwao akapumzike. Watu waliisifu sana sheria ile. Angalau tunajua, walisema. Kujua kunapunguza maumivu.

Yaliyompata Sikuzani yalikuwa mengine. Alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari, amelala kitanda cha dirishani, shanga yake ikageuka majivu. Daktari Leonia alikuja mwenyewe. Alipiga magoti kando ya kitanda, kwa heshima, kama anayefunga kamba ya kiatu cha mtoto, akapitisha mkasi chini ya uzi. Mama yake Sikuzani alipiga kelele iliyosikika mpaka getini. Kwao, shanga ya mwanamke hukatwa mara moja tu, na wanaoikata ni wale wanaoosha maiti.

"Mwanangu yu hai," mama alisema. "Mnamkatia nini?"

Daktari akamjibu kwa sauti laini, ile sauti ya watu waliolala vizuri: "Mama, kumshikilia mtu anayekwenda si kumpenda."

Maneno yale Sikuzani aliyabeba kama mwiba wa samaki kooni. Kitanda cha pili siku ile alikatwa Tunu, rafiki yake, aliyekuwa akimwimbia nyimbo za matangazo ya redio mpaka manesi wanawafokea. Tunu alipelekwa kwao Matombo, akalazwa mkekani kama alivyoelekezwa, apumzike. Hakuiona mihogo ya mwaka ule ikichimbwa.

Sikuzani yeye, mama yake mdogo alikataa kumpumzisha. Alimbeba mpaka zahanati ya masista huko juu milimani, isiyokuwa na Bibi wala shanga, yenye dripu za kizamani, daktari mmoja mkali na benchi la kukaa na kuzungumza yaliyo moyoni. Huko ndiko alikoanza, na kuanza kwenyewe kulikuwa kwa taabu. Alipanda, akaanguka. Akapanda, akarudi tena wodini alipohamia mjini, na tena alipofiwa na mama yake. Alipona kama barabara ya mlimani inavyopanda: ukidhani umefika, kumbe ni kona. Kisha siku moja, mtu mzima na akili zake, alijikuta anagombania ukoko wa wali na mdogo wake, ukoko ukavunjika vipande wote wakacheka, na ndipo alipotambua kuwa alikuwa amekula tangu asubuhi bila kubishana na mtu yeyote kichwani mwake.

Alisoma masomo ya jioni, mtoto mgongoni, akafaulu usomaji wa shanga. Akaomba kazi palepale Kituoni, kwa jina la mumewe. Hakuna aliyemtambua. Nani angemtambua? Waliomjua walijua mifupa tu.

Alitaka nini pale? Hata yeye, mwanzoni, asingekwambia. Mpaka Jumatatu ya wiki ile, akiwa peke yake na Bibi chumba cha mashine, ulimi ulipomponyoka.

"Bibi, Sikuzani Kobelo yuko wapi?"

"Amefariki, mjukuu wangu. Mungu amrehemu."

Alifunga mlango. Kisha akauliza, kwa uangalifu, kama anayekanyaga daraja bovu: "Umejuaje?"

"Shanga yake ilikatwa. Shanga haikatwi ila kwa maiti. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Na wale wengine wa majivu?"

"Wote wamefariki, mjukuu wangu. Hakuna hata mmoja aliyerudi. Ndiyo maana nikiona majivu nasema: huyu harudi."

Sikuzani alishika ukingo wa meza. Kumbe ni hivyo. Shanga ikikatwa, Bibi hasikii tena, na asiyesikika Bibi humzika. Kila aliyekatwa aliongezwa kwenye makaburi, na kila kaburi lilimfundisha Bibi kukata mwingine. Katika wote hao, nani alikufa kweli, nani alikuwa sokoni Kihonda anauza nyanya, Bibi hakujua. Hakuwahi kuuliza.

Hakumwambia mtu. Jumamosi kulikuwa na sherehe kubwa uwanjani; Daktari Leonia angevishwa nishani mbele ya mawaziri. Sikuzani alipanga kusimama katikati ya hotuba na kuomba kipaza sauti. Marehemu naomba kusema machache. Alikuwa akiirudia sentensi hiyo wakati wa kuosha vyombo, mpaka bintiye Riziki, ambaye ndiyo kwanza anajifunza maneno, akawa anaiimba.

Na sasa Mungu alikuwa amemwaga mchuzi juu ya wali: Yusta.

Akate leo, aseme Jumamosi. Daktari ajue baada ya mkasi, si kabla. Amlaze mwanawe kwenye mkeka ule ule aliowatandikia watoto wa wenzake. Ilikuwa kamili mno, kama yai. Kitu kimoja tu kilikuwa kinazungukazunguka kama nzi: Yusta akitolewa dripu leo, moyo wake uliochoka utafika Jumamosi? Sikuzani alimfukuza nzi yule. Akafuta mkasi kwa pindo la khanga, akaingia ndani.

*

Yusta alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani. Hakuna aliyepanga hivyo; ndicho kilichokuwa wazi. Alikuwa na uso mpana wa mama yake, ila ngozi imebaki kama karatasi iliyoloa, na vinyweleo laini mikononi kama vya kifaranga. Chini ya shuka, kiunoni, shanga ilitoa mwanga wake mchovu wa majivu.

"Wewe ndiye mkataji," alisema.

"Msomaji."

"Haya. Mchinjaji naye ni muuza nyama." Alitabasamu kidogo. "Mama yuko nje?"

"Wazazi huingia mwishoni. Ndiyo utaratibu."

"Najua utaratibu. Niliusikia mezani kwetu tangu sijaota meno ya pili. Watoto wengine walisimuliwa habari za sungura na fisi."

Sheria ilitaka msomaji ampe mgonjwa uji kidogo kabla ya kusoma, ili shanga isikie mwili unavyoupokea. Sikuzani alimimina vikombe viwili kutoka kwenye chupa, kimoja chake. Hakuweza kumkalia mtu mwenye ugonjwa ule akimkodolea macho, hilo alilijua kwa ngozi yake. Akadondosha tone kwenye kiganja, akaonja. Akaketi. Akanywa funda moja, akaweka kikombe, akatazama mlima, akanywa funda la pili.

Yusta hakugusa chake. Alikuwa anamtazama.

"Na wewe ulikuwa nayo," alisema.

"Nini?"

"Hii yetu. Unakunywa kama mtu aliyejifunza ukubwani. Kama Mzungu anavyosema Kiswahili kizuri: kila neno liko mahali pake, lakini unaona amelipanga."

Katika mwaka mzima wa kazi, madaktari na manesi wote, hakuna aliyeliona hilo. Alijiandaa kwa machozi ya Daktari, kwa vitisho vyake, hata kwa fedha zake. Hakujiandaa kuonwa.

"Inaisha?" Yusta aliuliza. Aliuliza haraka, kama mtoto anayeomba kitu anachojua atanyimwa.

Hapo ndipo uongo ulipokuwa rahisi. Angesema haiishi, mkasi ungepita kwenye uzi kama kwenye siagi. Lakini swali lile aliwahi kuliuliza yeye, kwenye kitanda kile, na kila aliyemwuliza alitazama pembeni.

"Haikatiki kama mvua," alisema mwishowe. "Ni kama jirani mgomvi aliyehama mtaa. Mwanzoni kila ukisikia mlango, unaruka. Baadaye unakutana naye sokoni siku moja moja, miguu inatetemeka. Baadaye zaidi unampita tu, hata salamu humpi."

"Inachukua muda gani?"

"Mrefu. Sikudanganyi. Mrefu kuliko subira ya madaktari."

Yusta alikivuta kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akakitazama kama anayeangalia ndani ya kisima. Akanywa. Kidogo sana. Akakunja uso.

"Uji wenu una ndimu kama adhabu."

"Malalamiko mpelekee mama yako. Yeye ndiye mkuu."

Wakacheka wote wawili, na Sikuzani akajichukia kwa kucheka. Alisimama haraka, akafungua mlango, akamwita Daktari.

*

Daktari Leonia aliingia akiwa amejifunga kitenge juu ya koti la kazi, kama mwanamke aliyetoka msibani bila kujua kama msiba ni wake. Miaka ilikuwa imemfupisha. Hakumtazama Sikuzani, alikwenda moja kwa moja kitandani akashika mguu wa bintiye kupitia shuka; Yusta akauvuta.

"Bibi, tusomee," Sikuzani alisema.

Sauti ya kikongwe ilijaa chumbani, ya upole, yenye harufu ya nyumbani. "Wajukuu zangu, nimesikia moyo, nimesikia mifupa. Yusta hatarudi. Msimtese. Kata, mjukuu wangu, kata taratibu."

Daktari aliinua mkono kuzuia. "Dada," alisema, "shanga huweza kulegea. Uzi ukilegea husoma vibaya. Tungesubiri mpaka Jumatatu, tumfunge nyingine..."

"Daktari, kumshikilia mtu anayekwenda si kumpenda."

Daktari aligeuka polepole. Sasa ndipo alipomtazama.

"Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Ulimwambia mama yangu. Hapahapa. Mimi nilikuwa pale alipolala mwanao."

Sikuzani aliinua shuka, akapitisha ubapa wa mkasi chini ya uzi. Chuma baridi kiligusa ngozi na Yusta akashtuka. Na Daktari Leonia Mkude, mwenye nishani inayomngoja, alishuka mpaka sakafuni kwa magoti yote mawili.

"Nakuomba," alisema. "Mwanangu yu hai."

Utamu wa neno lile Sikuzani aliusikia mpaka kwenye meno, asingeukana. Ulikuwa mtamu kama muwa wa shamba la mtu mwingine. Aliunyonya taratibu.

"Mama yangu alisema hivyohivyo. Neno kwa neno. Ulimjibu nini?"

"Nakuomba, dada."

"Nakuuliza ulimjibu nini."

Daktari alimwinulia uso uliopauka, mikono imekunjana kama ya mwombaji. Sikuzani alikuwa ameingoja sura ile tangu ujana wake; alikuwa ameichora gizani mara nyingi mno, na sasa ilikuwa mbele yake, imekamilika, na vidole vyake vilianza kuufunga mkasi.

"Dada," Yusta alisema. Hakulia, wala hakupaza sauti. "Kama unasoma, soma. Kama unalipiza, usinipitie mimi. Mimi si daraja la kumfikia mama."

Vidole vilisimama.

Sikuzani aliutazama uzi ulivyokaa kwenye ubapa. Asubuhi ile, kabla ya kuja kazini, alikuwa amemfungua Riziki ushanga wake wa kawaida, wa plastiki nyekundu, kwa kuwa uliacha alama kiunoni, akauongezea uzi. Mtoto alikuwa amecheka kwa kutekenywa. Mikono ni hii hii.

Aliutoa mkasi. Akafunika shuka. Hasira haikuwa imempungua hata punje. Ilikuwa imegeuza kichwa tu, kama ng'ombe aliyeona njia ya kweli ya zizini.

"Simama, Daktari. Sikiliza ukiwa umesimama. Bibi, Sikuzani Kobelo yuko wapi?"

"Amefariki, mjukuu wangu. Mungu amrehemu. Nilikwambia Jumatatu."

"Nilitaka na huyu asikie. Umejuaje kuwa amefariki?"

"Shanga yake ilikatwa. Shanga haikatwi ila kwa maiti."

Sikuzani alifungua pindo la khanga yake. Ndani, kwenye fundo, palikuwa na shanga moja ndogo kuliko punje ya mtama, imepauka, na kipande cha uzi bado kimeningʼinia. Mama yake aliiokota sakafuni siku ile na hakuitupa mpaka anakufa. Akaiweka kwenye sahani ya kusomea, akaikandamiza kwa kidole gumba.

Taa za ukutani zilipepesa, zikatulia, zikapepesa tena.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema mwishowe, na sauti ile ya upole ilikuwa na kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia ndani yake, "moyo wako nausikia. Una nguvu. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Hukuuliza."

Daktari alishika nguzo ya dripu. Alikuwa mtu wa akili nyingi. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Sikuzani aliona jinsi jambo lile lilivyomfikia, kona kwa kona, mpaka likajaa.

"Wote tuliowakata," Daktari alisema kwa kunong'ona, "aliwaweka na wafu."

"Nani aliifundisha hivyo?"

"Vijana wangu. Nami nilikuwepo. Tuliiambia: uzi ukikatwa, mtu amekwenda. Tukaendelea na mengine. Hakuna hata mmoja aliyesimama akauliza. Tungeulizaje? Wote tulilelewa hukuhuku. Nani kwetu angekata shanga ya mtu aliye hai?"

"Wewe," Sikuzani alisema.

Mlangoni Kabula alikuwa amesimama na ndoo yake, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza bila neno la utani.

"Bibi," Sikuzani alisema, bado kidole kiko kwenye sahani, "mtoe Sikuzani kaburini. Na wale wengine uliowazika kwa kusikia mkasi tu, watoe kwenye hesabu mpaka tuwatafute mmoja mmoja. Kisha umsome Yusta upya."

Ilichukua muda. Yusta alifumba macho. Mama yake alikuwa ameushika mguu ule wa kwenye shuka tena, na safari hii Yusta hakuuvuta.

"Yusta," Bibi alisema, na kusita. Hakuwahi kusita. "Sijui, mjukuu wangu."

Daktari alishusha pumzi. Chini ya shuka ile rangi ya majivu ilikuwa imefutika. Haikuwa kijani, haikuwa manjano. Shanga ilikuwa nyeupe, kama maji.

"Sijui," Yusta alirudia, kama anaonja. "Hilo ni neno zuri. Kwa nini kwetu mezani hatukuwahi kulisikia?"

Daktari aliangua kilio, kile cha wanawake wa milimani, mikono kichwani. Sikuzani alimwacha alie. Hakumshika bega. Alipomaliza, alijifuta kwa kitenge na kusema, "Nitajiuzulu. Leo hii."

"Hapana."

"Nini tena?"

"Kujiuzulu ni kwenda kulala. Jumamosi utapanda jukwaani. Nishani utaipokea, uishike mkononi, na ukiwa umeishika uwaambie ulichokisikia humu. Mimi nitakuwa nimekaa mbele na mwanangu, ukiruka neno nasimama. Kisha utachukua uzi na shanga, uende nyumba kwa nyumba, kwa kila uliyemkata. Wewe, si vijana wako. Utapiga magoti kama ulivyopiga wakati ule, na utawafunga."

"Wasiponifungulia mlango?"

"Utakaa barazani. Mama yangu alikaa kwenye baraza lenu mpaka mlinzi akamletea kiti."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amezeeka tangu alipoingia. "Na wale ambao kweli..." Hakumalizia.

"Matombo, kwa mama yake Tunu. Ndiko utakakoanzia. Huko hakuna kiuno cha kufunga. Utakwenda na uzi wako hivyohivyo mkononi, na atakalokwambia utalisikiliza mpaka mwisho."

"Umenisamehe?"

Sikuzani alimshangaa kwa kweli. "Nani hapa ametaja kusamehe?"

Kabula alikohoa mlangoni. "Mtani," alisema taratibu, "huyu mtoto uji wake umepoa."

"Nipashieni moto," Yusta alisema. "Na mpunguze ndimu. Kama sijulikani nitaishi au nitakufa, angalau nisiuawe na ndimu."

Kabula akachukua kikombe, akaenda nacho, na wakamsikia akicheka na kulia kwa pamoja kwenye korido.

Sikuzani aliichukua shanga yake kutoka kwenye sahani, pamoja na kile kipande cha uzi cha zamani, akaviweka kwenye kiganja cha Daktari Leonia. Kisha akainua blauzi yake kidogo, akasimama wima, tumbo lake la mama wa mtoto mmoja mbele ya macho ya yule mwanamke, bila haya.

"Lakini kabla ya Matombo," alisema, "jifunzie kwangu."

Daktari alipiga magoti. Mikono iliyotunga sheria ilizunguka kiuno kile, ikakutanisha ncha za uzi. Hazikukutana. Akavuta. Hazikukutana. Uzi ule ulikuwa umekatwa kwenye kiuno cha msichana aliyesemwa kuwa hatarudi, na mbele yake alikuwa amesimama mtu.

"Hautoshi," alisema Daktari.

Sikuzani alinyoosha mkono nyuma, akachukua ule mkasi alioamka kuunoa, na bunda la uzi mpya, akampa vyote viwili.

"Najua," alisema. "Ongeza."